Bata Aliyeifuta Ramani ya Nyarugusu

Huko Nyarugusu bado wapo watu wanaosema kwamba shemeji yangu Sostenes Mageni alifukia ramani ya dhahabu kwenye ua wangu hapa Ngokolo, Shinyanga, na kwamba mimi, mjane wa kaka yake, naiatamia kama kuku. Nimelisikia hilo stendi, nimelisikia kanisani wakati wa matoleo, na juzi nimelisikia msibani, marehemu akiwa bado hajafunikwa. Nimefundisha watoto wa mkoa huu kwa muda wa kutosha kujua kwamba uongo usiojibiwa huishia kuitwa historia. Kwa hiyo naandika. Anayetaka kuendelea na ya stendi, aendelee. Stendi haina ada.

Nianze na familia, maana ndiyo iliyochafuliwa. Baba mkwe wangu, Mzee Mageni wa Samuye, alikuwa karani wa mizani ya pamba. Mkulima aliyempelekea kuku ili mizani imwonee huruma alirudi nyumbani na kuku wake, pamoja na mahubiri ambayo kuku mwenyewe aliyasikiliza hadi mwisho. Mume wangu Donatus, aliyekuwa mwalimu mkuu, alimfelisha binti yetu Limi mtihani wa Hisabati, na Limi hajamsamehe vizuri mpaka leo. Hao ndio akina Mageni. Kisha akazaliwa Sostenes, kitinda mimba, akarithi miguu mirefu na tabasamu.

Hakuwa mwongo. Nasema hivyo nikiwa na akili timamu. Mwongo hufungua mdomo. Sostenes alitabasamu tu, na watu wakajimalizia wenyewe. Alipokuwa mtoto, maziwa yalipopungua kwenye kibuyu baba yake aliuliza ni nani. Sostenes akatabasamu, kila mtu akaelewa kwamba anamsitiri mwenzake, na Donatus akachapwa. Padre alipomuuliza kama amewahi kuusikia wito wa Mungu, alitabasamu, akapelekwa seminari. Alirudi kabla mvua hazijaisha. Gombera, mkuu wa seminari, alisema kijana ana moyo mzuri, ila hakuna aliyewahi kuambiwa unachotaka. Baadaye akaenda kuomba kibarua kwenye jineri moja ya pamba, msimamizi akamuuliza kama anazifahamu injini. Mnajua alichojibu. Moshi wa injini ile uliangaliwa kwa mshangao mpaka karibu na Mhunze.

Baada ya hapo akaenda kuchimba dhahabu, kama wanavyofanya wanaume wa kanda hii wasiokuwa na la kuwaambia baba zao.

Kule Nyarugusu, Geita, alipata kazi ya kumbebea mifuko ya mawe mtafiti wa madini, Mzungu mmoja wa sandali, wa kampuni ndogo iliyobadilisha jina kila ilipobadilisha gari. Mwaka 1998 kampuni ilifunga virago. Mzungu akamwachia Sostenes kompyuta yake ya kukunja, ile wanayoiita laptop. Alimpa mchana, mbele ya mashahidi. Naomba sentensi hiyo isomwe mara mbili, kwa sababu inasemekana pia kwamba iliibwa. Ilikuwa nyeusi, nzito kama tofali la kuchoma, na ilikuwa inaugua. Ukiiwasha ilikwenda hadi mahali pa kuuliza neno la siri, ikasimama hapo kama mlinzi wa benki. Neno lenyewe Mzungu aliondoka nalo.

Wachimbaji wakamzunguka.

"Humu ndimo Mzungu alimokuwa anaandika dhahabu ilipo?"

Sostenes akatabasamu.

Siku hiyohiyo akapewa kiti. Asiyeyajua machimbo hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Pale watu hukaa juu ya ndoo, juu ya mawe, au juu ya visigino vyao. Kiti chenye mgongo kilikuwa kimoja tu, cha Zipora, mwenye duara. Duara ndilo shimo la kuchimbia, na mwenye duara ndiye anayelisha wachimbaji, kuwazika na kuwatukana. Zipora ni Msumbwa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Amezika waume wawili na kumfukuza wa tatu kwa uvivu. Mwanamke huyo aliinuka kwenye kiti chake akampa shemeji yangu. Tangu hapo supu ya kwanza ilikuwa yake, maji ya moto ya kuoga yalikuwa yake, na jina lake likawa Profesa. Hakuna aliyemwomba aifungue mashine. Kitu cha maana hakifunguliwi ovyo.

Mwaka uliofuata, katikati ya kiangazi, duara la Zipora lilianza kutoa mawe matupu. Akamwendea Profesa kitini.

"Profesa, umekula vya kutosha. Kabla ya mvua za vuli utuonyeshe mahali. Utakapoweka kidole, vijana watashuka."

Hapo tabasamu likafika mwisho wa reli. Akisema hana pa kuonyesha, ni tapeli aliyekalia kiti cha watu mwaka mzima. Akiweka kidole popote, vijana wataingia chini ya ardhi kwa sababu ya kidole hicho, na ardhi ya kule haipigi hodi kabla ya kufunga mlango. Sostenes akafanya alichofanya siku zote mambo yalipomzidi: akapanda gari kuja kwangu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umeleta kitu au umekuja kuchukua?"

"Nimekuja kupumzika."

"Aliyechoka huja mikono mitupu. Hicho ulichokifunga kwenye kanga ya watu ni nini?"

Akanieleza yote, akiangalia miguu yake. Nilimwacha amalize, kisha nikamuuliza swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeuliza: "Mzungu anayejua dhahabu ilipo, anaondokaje?"

Akatabasamu.

"Usinitabasamie. Mimi si Padre."

Kesho yake nikampeleka kwa Lalji. Duka la Lalji liko barabara ya sokoni. Wanauza vitambaa, misumari, redio, na chochote ambacho mwenzao hana. Mtoto wake Pritesh, niliyemfundisha kugawanya kwa njia ndefu, alikuwa likizo kutoka Pune, India, alikokuwa anasomea kompyuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

"Mama ananilisha kama anataka kuniuza."

Aliiwasha ile mashine, akaikuna hapa na pale, akasema kwamba Windows ya Mzungu ni ya aina isiyodanganyika. Bila neno la siri haikuruhusu hata kusalimia. Njia ilikuwa kuiondoa kabisa na kuweka mfumo mwingine wa kuiendesha mashine, unaoitwa Linux. Alikuwa nao kwenye sidii ndani ya begi lake. "Lakini nikiuweka," akasema, "vilivyomo vitafutika vyote."

Macho ya Sostenes yaling'aa kama ya mtu aliyeonyeshwa mlango wa nyuma.

"Muulize bei," Lalji akasema kutoka nyuma ya meza yake, bila kuinua kichwa.

"Ni bure, Mwalimu," Pritesh akajibu.

Lalji akaweka mkasi chini. "Umesikia? Nimempeleka mpaka Pune akasomee biashara ya kompyuta, amerudi na neno moja tu. Bure! Babu yake alikuja nchi hii na cherehani, akafa hajawahi kulitamka."

"Baba, si wangu mimi. Umetengenezwa na watu wengi, wa kila nchi, na wameyaacha wazi maandishi yake yote. Ukitaka kujua unavyofanya kazi, unasoma. Ukikuta kosa, unarekebisha na kuwapa wenzako."

"Kama kulima kwa zamu," nikasema. "Leo kwangu, kesho kwako."

"Hasa, Mwalimu."

"Na pombe ya walimaji inapikwa na nani?" Sostenes akauliza.

Pritesh alifikiri kidogo. "Hilo hawajatufundisha."

"Kwa sababu hakuna," Lalji akasema. "Wanalima na kiu. Wendawazimu watupu."

Sostenes akataka ifutwe palepale, dukani, kati ya misumari na vitambaa. Ikishafutika angerudi Nyarugusu na sura ya msiba na kusema bahati mbaya, imekufa na siri yake. Nilikataa. Ukiifuta peke yako, nikamwambia, watasema umeinakili kwanza, au umewauzia matajiri wenye magari, na watakuja kukutafuta kwangu wakiwa na mapanga na njaa. Waite waje waone kwa macho yao. Na kabla haijafutwa, sema ukweli mbele yao, kwa mdomo, siyo kwa meno. Aliketi juu ya gunia la mchele, na Lalji akamwomba aketi juu ya kitu ambacho hakiuzwi.

Mwishowe alikubali, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Salamu zikatumwa Nyarugusu kwa dereva wa lori.

Walifika Jumamosi asubuhi, lori zima. Zipora alishuka wa kwanza, kitenge kipya, karai mkononi. Nyuma yake vijana wa duara, na nyuma yao mzee mmoja wa koti na mkoba wa ngozi, ambaye nilidhani ni wakili. Kumbe ni mganga wao. Anaitwa Eustace, alibatizwa na Mapadri Weupe na hajawahi kulikana jina hilo wala kazi hii. Kule hawafungui duara jipya bila yeye kuchinja mbuzi na kuongea na wenye ardhi, na hawakuona sababu ya kuifungua kompyuta kwa heshima pungufu ya ile ya shimo.

"Mwangaluka, mayu," Zipora akanisalimia kwa Kisukuma, akiuangalia ua wangu kama mtu anayekadiria.

"Mwangaluka. Karibuni. Mbuzi abaki kwenye lori."

Mbuzi akabaki. Tulitoa nje meza ya marehemu ya kusahihishia daftari, tukaiweka katikati ya ua ili kila mtu aone, tukapitisha waya wa umeme dirishani, kwa sababu betri ya mashine ilikuwa imeshakufa siku nyingi. Pritesh akaketi. Lalji naye alikuja, eti kulinda jina la duka.

Mzee Eustace alimsogelea Pritesh kama daktari anavyomsogelea daktari mwenzake. "Dawa yako umeipata wapi, kijana?"

"India, mzee. Lakini inapatikana popote. Hata wewe ukiwa na sidii tupu nakunakilia."

"Inanakiliwa na kila mtu?"

"Kila mtu. Na kila mtu anaruhusiwa kuangalia ndani ilivyotengenezwa."

Mzee Eustace akacheka mpaka koti likafunguka. "Mimi nikimwonyesha kila mtu mizizi yangu, nitakula nini?"

"Ndivyo nilivyomuuliza!" Lalji akapaza sauti. "Maneno hayohayo, mzee wangu!" Wakapeana mikono, mganga na mwenye duka, na kuanzia hapo wakakaa pamoja kwenye benchi kama mabalozi wa nchi mbili zenye mkataba.

Pritesh akatia sidii. Baada ya muda akasema mashine inauliza kama mwenyewe ana hakika anataka kufuta kila kitu.

"Inaniuliza mimi?" Sostenes akashtuka.

"Inamuuliza mwenye mali."

Nikakohoa. Sostenes akasimama. Jasho lilikuwa limemchora ramani mgongoni, ndiyo ramani pekee niliyoiona siku ile.

"Jamani," akasema. "Bosi. Wazee. Mimi sijawahi kuiona ramani humu ndani. Hata siku moja."

Vijana wakatazamana. Nilifikiri wanakasirika. Kisha Zipora akawageukia vijana wake, uso umejaa heshima.

"Mmemsikia? Mwenye nacho hasemi ninacho."

"Ni kweli," Mzee Eustace akasema kutoka kwenye benchi. "Hata mimi mababu sijawahi kuwaona. Nawasikia tu."

Vijana wakatikisa vichwa kwa unyenyekevu. Sostenes alinitazama kama mtu aliyejaribu kujisalimisha polisi akaambiwa arudi Jumatatu. Kisha akamwambia Pritesh, "Futa."

Ilifutwa. Haikuwa na sherehe: mashine ilinguruma, sidii ikazunguka, maandishi meupe yakashuka kwenye kioo cheusi mstari kwa mstari, mengi, haraka, bila koma. Vijana wawili walivua kofia. Zipora aliniuliza ni sala ya dhehebu gani. Mwishowe Pritesh akaizima, akaiwasha upya, na juu kabisa ya kioo, kwenye kona, akatokea ndege. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, miguu ya manjano, amekaa kitako kama mtu aliyeshiba.

"Bata," Zipora akasema.

"Ni ngwini, mama. Ndege wa nchi za barafu. Ndiye alama ya Linux."

"Bata."

"Mama, ngwini haishi huku..."

"Kijana, nimefuga bata tangu hujazaliwa."

Nilifundisha Jiografia, namjua ngwini, lakini kuna vita ambavyo mtu mwenye elimu haviingii kabla ya chakula. Hata hivyo Mzee Eustace hakuwa na shida na ndege. Alikuwa ameinuka kwenye benchi, anaizunguka meza polepole.

"Kilichokuwamo kimekwenda wapi?" akauliza.

"Hakijaenda, mzee. Kimefutika," Pritesh akajibu.

"Kimefutika kikaenda wapi?"

"Hakipo tena."

Mzee akamwonea huruma. "Mwanangu, nimetoa vitu ndani ya watu maisha yangu yote. Kikitoka, hutua. Kwenye mbuzi, kwenye njia panda, kwa mtoto wa jirani. Kutokuwapo ni jambo la Mungu peke yake." Akavua kiatu kimoja, akaukanyaga udongo chini ya meza kwa wayo, akafumba macho. "Kimeshuka hapa."

"Mzee Eustace," nikasema, "hata kama ramani ingekuwamo, ilikuwa umeme mtupu."

"Na umeme ukitoka, Mwalimu, huenda wapi? Si ardhini? Nimeuona waya wa nyumba yako, umefukiwa pale ukutani. Fundi aliufukia wa nini?"

Nilifundisha pia Sayansi. Waya ule umefukiwa kweli, na kwa sababu hiyohiyo. Nilikuwa na jibu, tena refu, lakini wakati naliandaa vijana walikuwa wameshahamisha meza ya marehemu na mmoja alikuwa anatema mate viganjani.

Nikasimama juu ya mahali penyewe. Nikasema huu ni ua wa Donatus Mageni, si machimbo, na atakayeanza kuchimba aanzie hapa nilipo mimi. Zipora akaniambia kwa upole mkubwa kwamba hana ugomvi na mimi, ila ramani ni mali ya kiti, na kiti alikitoa yeye. Kama nakataa, basi Profesa arudi nao Nyarugusu, ataisikilizia ardhi ya huko, na pale atakapopakanyaga watashuka leo hii.

Hapo nikaelewa kwamba haikuwa tena habari ya ua wangu. Sostenes naye alielewa. Alichukua jembe mikononi mwa yule kijana.

"Nitachimba mimi," akasema. "Hapahapa. Peke yangu. Udongo mtauosha wenyewe. Msipoona kitu, mtanisikiliza?"

"Tukiosha tusione, tutakusikiliza," Zipora akasema.

Sostenes akanigeukia. "Shemeji?"

Michicha yangu ilikuwa pale, na njia ya matofali aliyoipanga marehemu mwenyewe. Nikawaza kwamba shimo hufukiwa. Nikatoka nilipokuwa nimesimama.

Alichimba kama anayedaiwa na ardhi. Udongo ulipandishwa kwa ndoo na kamba, Zipora akauosha kwenye karai kwa maji waliyonunua wenyewe, kwani maji ya Shinyanga si ya kuchezea, na mimi nilifunga pipa langu kwa kufuli. Majirani walijaa ukutani. Kwaya ilikatisha mazoezi ikaja na vitabu mkononi. Mwenyekiti wa mtaa alifika kuuliza kibali cha shughuli. Nilipomwita kwa jina lake la shuleni aliniamkia, akasema alikuwa anapita tu. Kila karai lilipozungushwa, vichwa viliinama pamoja. Kila lilipomwagwa, viliinuka pamoja. Hakuna. Hakuna. Kigae kimoja cha kioo kilichong'aa kilisababisha vigelegele, mpaka nilipokitambua kuwa ni cha taa yangu ya chemli.

"Iko chini zaidi," Mzee Eustace akasema, na Lalji, ambaye alikuwa ameshaagiza chai, akakubaliana naye.

Walilala kwenye lori, wakaanza tena. Jumapili baada ya misa Sostenes alikuwa ameshazama, haonekani hata kofia, anagonga changarawe ngumu iliyolia kama sufuria. Ndoo ikapanda na vumbi jeupe. Zipora akaosha, akaangalia, akamwaga.

"Nendeni hatua mbili kushoto," Mzee Eustace akasema. "Ilijihisi inafuatwa, ikasogea."

Ndipo tukasikia jembe linatupwa, na sauti ikatoka shimoni, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa miaka yote niliyomjua mtu huyu.

"Haipo! Bosi, unanisikia? Haipo kushoto, haipo kulia, na haikuwapo hata kabla ya bata! Mzungu aliniambia kwa mdomo wake: Sostenes, tumetoboa kila mahali, hatukupata kitu, tunarudi kwetu. Ndiyo maana alinipa! Nani anagawa ramani ya dhahabu bure? Niliyajua hayo siku ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu mlinipa kiti, na kiti kilikuwa kizuri, na sijawahi kupewa kiti!"

Kwaya ikafunga vitabu vyake.

Kijana aliyeshika kamba akaitazama, kisha akamtazama Zipora, na polepole akaanza kuivuta juu ikiwa tupu. Hakuna aliyemkataza. Nilisogea; Zipora akanitangulia. Aliichukua kamba yote, akaikunja mkononi, akainama kwenye mdomo wa shimo.

"Sostenes." Hakusema Profesa. "Na siku ambayo tungeshuka pale ulipoweka kidole, halafu pakaporomoka, hii kamba ungeishika wewe?"

Akaitikisa ile kamba juu ya shimo.

"Nakuuliza."

"Ningekuwa nimeshatoroka, bosi," sauti ikajibu kutoka chini. "Ndiyo maana nilitoroka mapema."

Nilifumba macho, nikijua kwamba jina la Mageni limekwisha, na limekwisha mbele ya kwaya. Kisha nikasikia kitu kama gari linalowaka kwa shida. Zipora alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya kifusi, karai mapajani. "Mwaka mzima," akasema. "Supu ya kwanza! Maji ya moto! Nimembeba mgongoni mtu mwenye tako tu!" Akaitupa kamba chini. "Panda, mjinga wewe. Angalau umesema kabla hatujafa."

Alipopanda, mweupe kwa vumbi kama mzimu, yule kijana wa kamba alimzaba kofi moja. Zipora aliliruhusu hilo, na mimi pia. Nililiona ni la haki. Mzee Eustace peke yake ndiye hakuridhika. Alipanda lori akisema kwamba mtu anayepiga kelele hivyo kuwa kitu hakipo, mara nyingi kipo. Maneno hayo ndiyo yaliyofika Nyarugusu na ndiyo yanayosemwa stendi hadi leo. Mbuzi waliondoka naye, mwenye afya.

Shimo sikulifukia. Nimelijengea choo, kirefu, cha matofali, hakuna cha namna hiyo Ngokolo nzima, na anayetaka kutafuta ramani humo ruhusa anayo.

Sostenes hakurudi machimbo. Pritesh, kabla hajaondoka kwenda Pune, alimfundisha kuchapa kwa Linux, kwenye kioo cheusi kisicho na picha wala madoido, akamwunganishia printa kuukuu iliyokuwa imekaa ghalani kwa Lalji tangu enzi za biashara ya ushirika. Lalji akampa kibaraza, kwa sharti kwamba neno bure lisisikike pale. Anachapa barua za maombi ya kazi, ratiba za harusi, wasifu wa marehemu. Makarani wa ofisi mbalimbali, wenye mashine zilizojaa virusi, humjia kwa siri wakimwomba awawekee bata. Huwawekea wale ambao mashine zao zinafaa, na wengine huwaambia haitakubali, wapeleke kwa mwingine. Wapo wanaokasirika. Wamezoea mafundi wanaosema ndiyo.

Mwishoni mwa 1999 nilikuwa nanunua kitambaa kwa Lalji, lori likasimama nje, akashuka Zipora. Alikuwa anaomba leseni ya eneo jipya na alitaka barua ichapwe vizuri. Alimkuta Sostenes amekaa juu ya kreti ya soda.

"Itakuwa tayari leo?" Zipora akauliza.

"Leo hapana, bosi."

"Nimetoka mbali."

"Najua. Leo nina msiba wa watu, wasifu unasomwa saa nane. Kesho nitaanza ya kwako. Utepe wa printa umechoka. Aliouagiza Lalji ukifika, keshokutwa asubuhi. Usipofika, sijui."

Zipora aliweka mikono kiunoni. Nilijiandaa kuingilia kati, kwa kuwa nimeishi na akina Mageni na najua wanavyoweza kuwakera watu kwa ukweli. Lakini aliingia dukani, akanisalimia, akanunua sukari na kiberiti, akatoka kumwambia dereva wake azime gari na atafute pa kulala.

"Tunarudi lini?" dereva akauliza.

"Keshokutwa," Zipora akasema. "Utepe ukifika."